Demokrasia katika Vinywa vya Watu wa Ziwa

Demokrasia ni neno la silabi tano: de-mo-kra-si-a. Mkazo wake, kama ilivyo kwa karibu maneno yote ya Kiswahili, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: de-mo-kra-SI-a. Mazungumzo ya leo yanahusu neno hili moja tu. Linatamkwaje? Limetoka wapi? Na lina maana gani linapotajwa katika mkutano wa mtaa, katika chama cha ushirika, au pale mwaloni wavuvi wanapokaa kuchagua viongozi wao?

Yaanze matamshi, kwa sababu ndiyo yanayowasumbua watu wengi.

Kiswahili kimelipata neno hili zama za siasa za Waingereza, lakini Mwingereza mwenyewe halitamki hivyo. Yeye husema, kwa kukadiria sauti zake kwa herufi za Kiswahili, di-MOK-ra-si. Nguvu yote anaiweka kwenye mo, kisha silabi zinazofuata anazipitia haraka kama mtu anayeteremka mlima. Mwisho wake ni si, basi. Hiyo a ya mwishoni, ambayo Mswahili anaitamka wazi kabisa, kwa Mwingereza haipo.

Sasa, a hiyo imetoka wapi? Lau neno lingeingia kwa sikio peke yake, leo watu wangesema demokrasi, na kweli wapo wanaosema hivyo. Lakini demokrasia ni neno lililopitia kwenye maandishi na shule, likavishwa umbo moja na ndugu zake: historia, jiografia, filosofia, teknolojia. Yote hayo yanaishia na ia, kwa sababu yamefuata sura ya Kigiriki na Kilatini, si sauti ya mtaani London. Na hapa pana jambo la kufurahisha. Wagiriki, wenye neno lao, husema dimokratia, na mkazo wanauweka kwenye ti: di-mo-kra-TI-a. Silabi ya pili kutoka mwisho! Kwa hiyo mama anayeuza sangara pale Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, anapotamka demokrasia kwa mkazo wa Kiswahili, mkazo wake unaangukia pale pale unapoangukia mkazo wa Mgiriki. Aliyeuhamisha ni Mwingereza.

Jambo hilo lishikwe vizuri, kwa maana lina uzito baadaye: kutamka demokrasia kwa mkazo wa Kiswahili si kukosea Kiingereza. Ni kusema Kiswahili.

Kikwazo kiko katikati ya neno, kwenye kra. Silabi za Kiswahili, nyingi mno, ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu: ba-ba, sa-ma-ki, ma-to-ne. Konsonanti mbili kama k na r zikikaa pamoja bila irabu kati yake, ulimi unatafuta mahali pa kupumzikia. Jaribu polepole, msikilizaji. Sema ka. Nyuma ya ulimi imegusa juu ya koo, ikaachia. Sasa sema ra. Ncha ya ulimi imepiga nyuma ya meno ya juu. Ili kusema kra, kazi hizo mbili, moja ya nyuma na moja ya mbele, zinatakiwa kufuatana bila pengo. Watu wengi huweka pengo dogo, na ndani ya pengo hilo inaingia i nyembamba: de-mo-ki-ra-si-a. Ndivyo wengi wanavyolitamka hata jina la Kristo, Kiristo, na hakuna anayewatilia shaka imani yao.

Kanda ya Ziwa ina jambo lake la ziada. Kisukuma, lugha ya kwanza ya watu wengi wa Mwanza, Magu, Kwimba na Misungwi, hakina sauti ya r. Kina l. Mtu aliyelelewa kwa Kisukuma anapokutana na r, ulimi wake unaleta kile ulichokizoea tangu kunyonya, na neno linatoka demokilasia. Kinyume chake nacho hutokea. Mtu aliyechekwa sana kwa sababu ya l huanza kuiogopa, akaweka r hata isipotakiwa: chakura kwa chakula, kurara kwa kulala. Hofu imemfanya aharibu hata kile alichokuwa anakisema vizuri.

Kuna jozi moja ya maneno ambayo kila mtu wa Mwanza anaijua: kura na kula. Katika Kiswahili sanifu kinachoyatenganisha ni r na l peke yake. Msimu wa uchaguzi husikika watu wakisema wanakwenda kupiga kula. Je, kuna aliyewahi kudhani wanakwenda kwenye sinia la ugali? Hakuna. Kitenzi kupiga kimeshaonyesha njia, na kituo cha kupigia kura kinaonekana pale shuleni. Lugha ina namna nyingi za kujilinda, na sauti moja ikiyumba maneno jirani yake huishikilia.

Na hata jina la jiji lenyewe limepitia vinywa viwili. Msukuma husema Ng'wanza, kwa sauti ya puani mwanzoni. Kiswahili kimelilainisha likawa Mwanza, nalo ndilo lililoandikwa kwenye ramani. Vilevile kisiwa ambacho wenyeji wake hukiita Bukerebe, Kiswahili kimekiita Ukerewe. Ikiwa Kiswahili kina haki ya kutamka Ng'wanza kwa namna yake, Msukuma naye ana haki gani juu ya neno la Kigiriki? Haki ile ile.

Matamshi sanifu yapo, na ni vizuri mwalimu ayafundishe, mtangazaji ayafuate na mwanafunzi ayajue. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye kicheko.

Chukua mfano wa mkutano wa mwalo. Ni asubuhi, mitumbwi imeshaingia, dagaa wameanikwa, wengine kwenye chanja, wengine kwenye nyavu zilizotandikwa juu ya mchanga. Watu wamekusanyika chini ya mti: matajiri wenye mitumbwi, vijana wanaovua, mafundi wa nyavu, kina mama wanaonunua na kuanika. Ajenda ni ushuru wa eneo la kuanikia. Mama mmoja anasimama, anafunga kanga vizuri, anaanza: "Mwenyekiti, shikamooni wazee wangu. Mimi nauliza, hii demokilasia iko wapi, kama sisi tunaoanika hatukuulizwa?" Vijana nyuma wanaangua kicheko na kulirudia neno lile kwa sauti. Mama anatabasamu kwa aibu, anakaa. Mkutano unaendelea. Swali lake lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa asubuhi ile, na halikujibiwa.

Hapo ndipo matamshi na maana vinapokutana. Mama yule alilikosea neno kwa herufi mbili, akalipata kwa maana yake yote. Waliomcheka walilipata kwa herufi, wakaikosa maana, kwa sababu walimnyamazisha mtu mwenye haki ya kusema. Mazungumzo haya yanalisema hilo bila kuzungukazunguka: kicheko cha namna ile kinapunguza watu katika mkutano, na mkutano uliopunguzwa watu una demokrasia ndogo zaidi, hata kama kila aliyebaki anatamka r kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Sasa ifuate maana.

Neno la Kigiriki limeundwa kwa vipande viwili. Cha kwanza ni demos, yaani watu, wenye nchi. Cha pili ni kratos, yaani nguvu, mamlaka. Ukiviunganisha unapata mamlaka ya watu. Mji unaotajwa zaidi kwa habari hii ni Athene, katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Raia walikusanyika kwenye kilima kiitwacho Pnyx, wakasikiliza hoja, wakaamua kwa kunyoosha mikono. Majenerali wa vita waliwachagua kwa njia hiyo hiyo ya mikono. Lakini viongozi wengi wengine, pamoja na wajumbe 500 wa baraza lililoandaa ajenda za mkutano, hawakupatikana kwa kuchaguliwa. Walipatikana kwa kubahatisha: vitu vilichanganywa, aliyeangukiwa ndiye aliyeshika kazi kwa mwaka ule.

Hapa Mswahili asimame kidogo. Kwani neno kura maana yake ya asili ni nini? Kura limetoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni hiyo hiyo ya bahati nasibu: kuchanganya vitu na kuona kipi kitamwangukia nani. Waumini wa Kikristo wanaisikia maana hiyo kila Ijumaa Kuu, habari ya askari waliolipigia kura vazi la Yesu inaposomwa. Askari wale hawakuwa na wagombea wala kampeni. Waliachia bahati iamue. Kwa hiyo Kiswahili, kwa kutumia neno kura kwa jambo la uchaguzi, kimehifadhi bila kukusudia desturi ya Athene ambayo Kiingereza cha siasa hakiionyeshi. Vijana wa mwaloni wanapookota vijiti vifupi na virefu ili kujua nani atangulie kushusha mzigo, wanapiga kura katika maana ya zamani kabisa.

Lakini Athene ilikuwa na kasoro, nayo si ndogo. Wanawake hawakuhesabiwa. Watumwa hawakuhesabiwa. Wageni waliohamia, hata waliokaa mjini miaka mingi, hawakuhesabiwa. Mamlaka yalikuwa ya watu, sawa. Lakini watu walikuwa akina nani? Swali hili, nani ni watu, ndilo linalolifuata neno demokrasia kila linakokwenda. Lilifika mpaka ziwani.

Limefika lini? Tazama Mwanza ya miaka ya 1950. Wakulima wa pamba walikuwa wakilalamikia mizani ya wanunuzi: mzigo uliokuwa mzito kichwani ulifika kwenye mizani ukawa mwepesi. Wakajipanga wakaweka wapimaji wao wenyewe vituoni, wa kusimamia kipimo. Kutokana na juhudi hizo, na uongozi wa watu kama Paul Bomani, vyama vya msingi vya ushirika vikaenea, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Kanuni ya ushirika ni rahisi: mwanachama mmoja, kura moja. Aliyeleta pamba nyingi na aliyeleta kidogo, wakifika kwenye kumchagua katibu wa chama, mkono wa kila mmoja unahesabiwa mara moja. Wengi wa wazee wale hawakuwa na haja ya neno la Kigiriki ili kuelewa jambo hilo. Walilifanya chini ya miti, kwa Kisukuma, mbele ya mizani.

Wala halikuwa jambo geni kabisa. Usukumani kulikuwa na ntemi, mtawala, lakini kijijini kulikuwa na banamhala, wazee wa baraza, na kulikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kazi, ambaye wenzake ndio waliomchagua. Haifai kuyapamba mambo hayo kupita kiasi, kwa sababu mwanamke kwenye baraza la wazee hakuwa na nafasi sawa na mwanaume. Swali lile lile: nani ni watu?

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na jibu lake. Kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958, chama cha siasa cha TANU hakikuruhusiwa kuendesha shughuli zake Usukumani. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walikataa baraza la wilaya la kuchanganya Waafrika, Wazungu na Waasia, ambalo wao waliliona limeletwa juu ya vichwa vyao, na maelfu wakaenda Mwanza kupeleka malalamiko. Walitawanywa kwa mabomu ya machozi. Kisha ukaja uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu: mpiga kura mmoja alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Na nani aliruhusiwa kupiga? Mwenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au aliyefika darasa la nane, au mwenye wadhifa uliotajwa. Mkulima wa pamba wa kawaida, ambaye kwenye chama chake cha msingi mkono wake ulihesabiwa, kwenye uchaguzi wa nchi hakuwa miongoni mwa watu. Ndivyo neno lilivyo: linaweza kuandikwa vizuri kwenye karatasi na bado likaacha wengi nje.

Baada ya uhuru, aliyelifafanua neno hili kwa bidii kuliko wengine alikuwa mtu wa kanda hii hii, Julius Nyerere wa Butiama. Mwaka 1963 alitoa kijitabu kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama. Hoja yake, kwa kifupi, ilikuwa kwamba kiini cha demokrasia ni watu kuzungumza kwa uhuru mpaka wakubaliane, kama wazee chini ya mti, na kwamba vyama viwili vinavyopingana si lazima ili jambo hilo liwepo. Kwa hoja hiyo ukaja uchaguzi wa 1965 ndani ya chama kimoja: wagombea wawili katika jimbo, wote wa TANU, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Wapo mawaziri walioangushwa. Kwa hiyo kuchagua kulikuwepo, na kuangusha kulikuwepo. Ambacho hakikuwepo ni nafasi ya kulikataa jembe na nyumba kwa pamoja. Msikilizaji apime mwenyewe uzito wa pengo hilo. Kwa mazungumzo haya, ni pengo kubwa.

Miaka karibu 30 baadaye neno likageuka tena. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza wananchi: chama kimoja au vyama vingi? Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka kibaki chama kimoja. Karibu asilimia 20 walitaka vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Je, hiyo ilikuwa demokrasia? Wengi hushangaa. Kiswahili kina methali fupi: wengi wape. Mtu akiulizwa barabarani maana ya demokrasia, mara nyingi jibu lake ni hilo, wengi wape. Kwa kipimo cha methali, tume ilikosea. Lakini tazama tena. Wale walio wachache walikuwa wanaomba nini? Hawakuomba kuwatawala wengi. Waliomba ruhusa ya kukusanyika na kusema jambo lao. Kuwapa ruhusa hiyo hakukumnyang'anya mtu yeyote chama chake. Kwa hiyo demokrasia ina vitu viwili ambavyo havitakiwi kuchanganywa: wengi wanaamua, na wachache wanabaki kuwa watu. Anayebeba cha kwanza na kuacha cha pili amebeba nusu ya neno.

Tangu wakati huo, kwa masikio ya wengi, demokrasia imekuwa jina jingine la vyama vingi. Hilo nalo ni kulipunguza. Vyama vinaweza kuwa vingi na mkulima asiulizwe. Wapo pia wanaolichukua kuwa ni ruhusa ya kusema lolote juu ya yeyote, na kijana akikatazwa na baba yake kutoka usiku hulalamika kwamba nyumbani hakuna demokrasia. Baba hakuchaguliwa, ni kweli, lakini neno linazungumzia mamlaka ya umma, si ya nyumbani.

Yabaki machache kuhusu namna neno linavyotumika katika sentensi. Demokrasia halibadiliki kwa umoja na wingi: demokrasia hii, demokrasia hizi. Mtu anayeitetea ni mwanademokrasia, wengi ni wanademokrasia. Kinachofanyika kwa njia hiyo kimefanyika kidemokrasia. Jina la nchi jirani ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jina ililolipata mwaka 1964, likaachwa mwaka 1971 ilipoitwa Zaire, likarudi mwaka 1997. Na chama cha Democratic cha Marekani, kinachotajwa sana kwenye habari, ni jina la chama tu. Anayekipinga kule hajaipinga demokrasia.

Katiba ya Tanzania nayo inalitumia neno hili, na katika ibara yake ya 8 inalifafanua kwa maneno ya Kiswahili yasiyohitaji mkalimani: inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Wananchi, ndiyo demos. Mamlaka, ndiyo kratos. Vipande vyote viwili vya Kigiriki vimo humo, na hakuna r hata moja katika wananchi wala katika mamlaka. Mama wa mwaloni anaweza kuyatamka yote mawili mbele ya mkutano wowote, na vijana wa nyuma wasipate cha kucheka.